Mkia Niliokata

Jumatatu, 1 Septemba
Nimepiga msasa bawa la ndege yangu ndogo ya kurusha, kama kawaida baada ya kazi ya useremala. Nimelichonga kutoka boksi jeupe la samaki, yale mepesi ya povu gumu wanayotupa sokoni Kamembe yakivunjika. Injini ndogo ya umeme, redio ya kuiongozea mkononi, basi. Mke wangu, Maman Zuhura, anaiita ndege hii mke mwenza.

Daktari anasema presha ya macho imeshakula jicho la kushoto, la kulia linafuata. Kilichopotea hakirudi. Nataka kuirusha mara moja nikiwa bado naiona. Mara moja tu.

Jumanne, 2 Septemba
Mwenye moto, pikipiki ya abiria, kakataa kutupeleka Nkanka. Ndege ndefu, mkia utagonga watu njiani. Nimekata mwili shibiri moja, nikagundisha mkia karibu na bawa. Sasa inakaa mapajani. Nimejiona mjanja.

Ijumaa, 5 Septemba
Baada ya swala, Nkanka, uwanja wa mpira. Vibaya. Imeinua pua, nikaishusha, ikazama. Nikaiinua, ikapitiliza. Zamani ningeikamata. Leo nilipoona inapanda, tayari ilikuwa inashuka. Imeangukia mihogoni, pua imepondeka.

Nimelia kwa hasira. Sitaki huruma ya mtu.

Jumamosi, 6 Septemba
Sijafanya kitu. Mteja wa kitanda amekuja, nimemjibu vibaya.

Mjinga mimi. Spana ndefu inafungua nati bila jasho, fupi inakutesa. Mkia ni hivyohivyo. Ukiwa mbali na bawa unaituliza ndege, ukiwa karibu inarukaruka kwa kila kaupepo. Nalijua hilo tangu ujana. Na ndege tulivu ndiyo pekee ninayoiweza kwa macho haya. Nimeikata ili ipande moto.

Jumanne, 9 Septemba
Nimeziba pua, nimeunga vijiti vya mwanzi, mkia umerudi nyuma kabisa. Safari hii unachomoka tukipanda moto, unafungwa kwa vipande vya mpira. Nyuma ikawa nzito, nikasogeza betri puani mpaka ndege ikatulia juu ya vidole viwili. Yote kwa kupapasa. Rula siioni tena. Jicho la kulia linaona kama kupitia tundu la ufunguo.

Naogopa. Hakuna neno jingine.

Jumapili, 14 Septemba
Nkanka. Maman Zuhura alinishikia redio, mimi nikairusha ndege kwa mkono. Nikageuka kupokea redio, nikatazama juu. Hamna. Nimetafuta kila upande. Anga tupu.

Nikamwambia abaki na redio, asiguse kitu, aniambie ndege inafanya nini.

"Iko naenda yenyewe, Papa Zuhura. Sigusi kitu. Imenyooka."

Mlio ukaelekea ziwani. Nikamwambia asukume kijiti kushoto, kidogo, polepole. Mlio ukarudi, ukatupita, ukarudi tena. Kisha akapunguza injini, ikatua majanini bila kuvunjika.

Sijaiona hata mara moja.

Nyumbani nimemwonyesha jinsi ya kuchaji betri.