Siku Niliyoitwa Kupimwa

Darsait, Maskati

Dada yangu mpenzi Muhsina,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto hapo Unguja, na kwamba goti lako limepata nafuu. Sisi hatujambo. Baba naye hajambo, ila anakula halua kwa siri na kudhani sote vipofu.

Najua umeshasikia nusu ya habari zangu kwa watu, na habari za watu huwa na pilipili nyingi. Basi isikie kwangu: tumepata ile kazi ya kupeleka mabomba Duqm. Lori langu, lile uliloniambia litaniaibisha, lina mkataba wa mwaka mzima.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kampuni ilitaka kila dereva awe tayari kuitwa wakati wowote, bila taarifa, kupimwa kama anatumia dawa za kulevya. Mimi ni tajiri na dereva wa lori moja. Nikijichagulia mwenyewe siku ya kupimwa, nani ataniamini? Kwa hiyo wenye lori mojamoja tukaungana kikundi, na kompyuta ya zahanati ikawa ndiyo inayochagua majina. Aws, mkubwa wa kikundi, hakunitaka. Alisema mwanamke ataleta visingizio siku ya kuitwa, na samaki mmoja akioza wameoza wote. Nilimjibu kwamba mimi si samaki, na nikaandikwa.

Jina la kwanza kutoka likawa langu. Simu ilinikuta kwenye gereji za mtaa wa Ghala nabadilisha tairi, nami nimefunga. Nikaingia zahanati nikiringa, nikapewa kikombe, nikaenda chooni, na hakikutoka kitu. Sikuwa nimeonja maji tangu alfajiri, na jua la hapa unalijua. Muuguzi akanieleza kwa upole kwamba nina muda wa saa tatu. Ukipita bila haja ndogo nitaandikwa kuwa nimekataa, na aliyekataa ni sawa na aliyekutwa na dawa. Akaniwekea chupa za maji. Nikamwambia nitasubiri.

Aws akafika na wenzake. Mtu wa kwanza kuitwa akiandikwa amekataa, kazi ingetuponyoka sote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliniuliza mara moja tu kama kuna kitu ninachokiogopa. Swali lile lilinichoma, maana nilijua akili zao zimekwenda wapi. Muda ulipokaribia kwisha nikasema bismillahi, nikanywa chupa nzima mbele yao, kisha nyengine. Sijapata kuona wanaume wazima wakimwombea mtu dua kwa ajili ya haja ndogo.

Zilibaki dakika chache, zikatosha. Majibu yalirudi safi. Aws aliniomba radhi mbele ya kikundi kizima, akasema atakayenisema tena atajibizana naye. Nilijikaza mpaka nikapanda lori langu, kisha nikapiga honi hata mafundi wa Ghala wakaacha kazi kunitazama.

Sasa lile ambalo watu hawakukwambia, kwa kuwa hawalijui. Wote walidhani nimefunga sita za Shawwali, zile za sunna. Haikuwa sita, dada. Ilikuwa siku ya mwisho ya Mama, katika zile za Ramadhani aliyougua, tulizogawana kumlipia baada ya kumzika. Wewe ulimaliza zako mapema. Nilipokuwa nikinywa nilijua navunja funga ya nani, nikajiona mwizi wa mama yangu. Kwenye simu nilishindwa kukwambia.

Safari ya kwanza ya Duqm nilikwenda nimefunga, kuilipa siku ile. Aws alinikumbusha kwamba msafiri ana ruhusa ya kula. Nikamwambia ruhusa ni yangu, deni ni la Mama. Magharibi ilinikuta kando ya njia, mabomba yote salama nyuma yangu, nikafuturu kwa tende. Nilikuwa nimechoka, na nina furaha ambayo sikuwa nayo tangu tumzike. Muhsina, Mama hadaiwi tena.

Nisalimie shemeji, na watoto wape mkono mmoja mmoja. Mungu akuweke.

Mdogo wako akupendaye,
Khawla