Sukari Niliyokunyang'anya

Kampala

Dada Zuhura,

Shikamoo dada. Baba naye shikamoo, maana najua ndiye anayekusomea. Mwili wangu mzima; moyo ndio hauna raha. Je, kule kuanguka kwako asubuhi kumepungua, au bado?

Wodini ninakofanya kazi ya uhudumu aliletwa mama mmoja. Kila alfajiri, kabla hajatia kitu tumboni, alitetemeka, akatoka jasho, akaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Kwao walisema mlevi. Nilimtazama nikakuona wewe. Daktari akamchoma maji ya sukari mshipani, na muda si muda akatulia, akauliza watoto wake wako wapi.

Nikamwomba daktari anieleze. Akasema mama huyo ana uvimbe kwenye kongosho, mdogo kama punje ya mahindi. Uvimbe huo unamwaga ndani ya damu kitu kilekile wanachodungwa wenye kisukari, na hauangalii kama mtu amekula au hajala. Sukari yote ya damu inaisha, na ubongo unabaki na njaa.

Dada, nilikumbuka Ramadhani ile ya mwaka kabla ya Uhuru, nyumbani Mirongo. Nilikukuta jikoni mchana, umelowa jasho, unatafuna kipande cha sukari guru. Nikakunyang'anya. Ukasema, "Mdogo wangu, niache, naona giza." Mimi nilikuwa sijakosa funga hata moja, najiona mtu wa dini kweli. Nikaibeba hadi barazani, nikamwonyesha mumeo mbele ya Baba na majirani. Ukatoka unayumba, unamtukana mumeo, wote wakaamini umelewa. Kabla ya Idi akakuacha.

Kwenye chuo cha Kurani nilifundishwa tangu mdogo kwamba mgonjwa anaruhusiwa kula. Sikukuuliza hata kama unaumwa. Naona aibu hadi leo.

Yule mama amepasuliwa na amepona. Wewe sijui kama nawe una uvimbe kama huo. Daktari anataka akupime kwanza. Panda meli ya wiki ijayo, nitakupokea bandarini. Funga sukari kwenye pindo la khanga, na ukianza kutetemeka usisubiri.

Baba, nakuomba uisome tena barua hii barazani baada ya sala ya Ijumaa, majirani wale wale wakiwepo. Shemeji naye aitwe, ingawa ameshaoa. Nilimchongea dada mbele yao, basi nao wasikie pamoja kwamba nilikosea.

Mama nampa shikamoo, na Shangazi wa Sengerema pia. Yeye peke yake alisema Zuhura anaumwa, nami nikamcheka.

Mwezi wa Ramadhani ukiandama kabla hujasafiri, kula, dada. Usijifiche jikoni. Kaa barazani, ule watu wakikuona.

Mdogo wako aliyekukosea,
Hamisi