Soli Aliyoichagua Wycliffe

Jumatatu, Agosti 1996. Mvua imenyesha tangu saa nane mchana, kama kawaida ya hapa Lurambi, na mimi nina hasira tangu jana.

Mguu wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia kwa sentimita mbili. Trela la miwa liliuvunja nikiwa darasa la tatu, ukaunga vibaya. Sijawahi kuuficha. Wanaoniletea nguo nishone wananijua kwa mwendo huo, na hakuna aliyewahi kupeleka kitambaa kwingine kwa sababu yake.

Wycliffe ndiye aliyetaka ufichwe. Amenichumbia, na jana ilikuwa siku ya kunipeleka kwa mamake mara ya kwanza.

Wiki iliyopita tulikwenda pamoja kwa mzee anayetengeneza viatu vya wagonjwa. Alinisimamisha peku, akaingiza vibao vyembamba chini ya mguu, kimoja kimoja, mpaka nyonga zikawa sawa. Mimi ni fundi wa kupima, na nikiona kazi safi naijua. Akasema, "Ndani ya kiatu tuweke sentimita moja tu. Hiyo ingine nitabandika chini ya soli. Ukijaza yote ndani, kisigino kitakuwa kinachomokanga."

Wycliffe, ambaye kazi yake ni kugonga mihuri ofisini, akaanza kumfundisha mzee ufundi. Yote iingie ndani, isionekane. Nami, mtu mzima mwenye akili zangu, nikakubali.

Jana kisigino kilichomoka kila hatua, kutoka barabarani hadi kwao. Tukafika, na kwao watu huvua viatu mlangoni. Amelelewa katika nyumba hiyo, na hakulikumbuka hilo.

Niliingia nikichechemea. Mamake akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hiyo mguu inakuumanga?" Kabla sijafungua mdomo, Wycliffe akasema niliteguka juzi.

Mama wa watu akachemsha maji ya chumvi, akapiga magoti, akanikanda kifundo kisicho na shida yoyote. Alinikanda mpaka chai ikapoa, huku akiniombea nafuu. Mwanawe alikuwa akila mandazi.

Nami nikaitikia amina.

Namdharau kwa uongo ule. Najidharau zaidi, maana mguu uliokandwa ni wangu.

Leo nimerudi kwa mzee. Nusu ndani, nusu chini ya soli, kila mwenye macho aone. Natembea sawa na mgongo hauniumi. Jioni Wycliffe alipita hapa, akakitazama kiatu, akauliza kama siku ya harusi nitavaa kingine. Niliendelea na cherehani yangu mpaka akaondoka.

Jumapili nitakwenda kwa mamake peke yangu, nimwambie ukweli na kumwomba radhi. Hilo haliniogopeshi. Linaloniogopesha ni hili: nilimpenda Wycliffe kweli, au nilishukuru tu kwamba kuna aliyenitaka?