Maji ya Samaki Wako Yalipikiwa Wali wa Msiba Wako

Baba Neema,

Nianze kwa kukuomba radhi: waombolezaji wako wamekula samaki wako. Tulia, si samaki wenyewe. Maji yao.

Desturi unaijua. Mtu akishafariki, makochi yanatolewa sebuleni ili magodoro yapate nafasi. Kabati likatoka, meza ikatoka, wakafika kwenye tangi lako la kioo, lile la samaki wa maji ya chumvi. Mdogo wako Lazaro, ambaye hajawahi kuona kitu kinachowashinda wanaume wanne, akaamuru maji yapunguzwe ili libebeke. Mimi nilikuwa godoroni nimejifunika kanga, mjane hanyanyuki. Nikapiga kelele, "Msiguse hita! Chomoeni kwanza pampu!" Dada zako wakanikumbatia. "Mwacheni alie, uchungu umempanda kichwani." Nikawaambia silii, nasema. Wakanipepea.

Maji yakatolewa kwa ndoo hadi uani. Akina mama wa jumuiya waliokuwa wanapika wakaona ndoo tano za maji safi zimepangwa, wakamshukuru Mungu, wakapikia wali. Kisha wakatia chumvi. Mzee wa kanisa alikula kijiko kimoja akafumba macho, watu wakadhani anaomba.

Hapo nilishatoroka godoro. Samaki wako wawili, wale wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, niliwakuta kwenye beseni la kufulia, wanahema juu juu. Lazaro akaniambia, "Shemeji, usihangaike, kwenye pikapu nina jiwe la chumvi ya ng'ombe, nalitumbukiza sasa hivi." Nia yake ilikuwa njema. Ng'ombe wake wana afya kuliko sisi.

Nikamfukuza, nikaenda stoo kwenye ile ndoo ya chumvi yako ya kuagiza. Nilijua nitawaua. Miaka mitatu ulikuwa unanieleza habari za tangi, na mimi nakujibu chakula kinapoa. Wewe Mmeru wa Lemara, bahari umeiona mara mbili, ukataka kuihamishia sebuleni kwangu!

Lakini mdomo ukaanza kutoa amri wenyewe. Leteni maji ya mvua ya kwenye simtanki, ya bomba yana madini ya mlima yaliyotupaka meno rangi. Chumvi kidogo kidogo, pampu ikoroge. Washeni hita, hapa Arusha si Tanga. Nikatumbukiza kipimo cha chumvi mpaka sindano ikafika kwenye alama uliyoichora kwa rangi yangu ya kucha, ukakana. Nikawaongezea samaki maji mapya kikombe baada ya kikombe, msiba mzima umesimama unaniangalia. Jioni samaki wakala.

Neema akaniuliza, "Mama, nani alikufundisha?" Nikalia. Safari hii nililia kweli, na hakuna aliyenishika, walidhani bado ni mambo ya samaki.

Tangi limerudi mahali pake. Naahidi nitawatunza hao wawili mpaka wafe kwa uzee, na maji nitabadilisha mwenyewe, Lazaro hatagusa.

Pumzika sasa, mume wangu. Kuna jambo moja tu linaniuma. Umeondoka ukidhani sikusikilizi. Nilikuwa nakupa mgongo pale jikoni, lakini nilisikia kila neno, na sikukuambia.

Mkeo,
Mama Neema