Maikrofoni Itakayomsikia Sulia Kwanza

Māngere,
Auckland.
9 Juni 2024, mwaka wa arobaini na tisa tangu niondoke kisiwani kwetu Savai'i.

Mpendwa mpwa wangu Okirano,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama yako, dada yangu Sulia, na kwamba kile kikohozi chake kimepungua. Sisi huku tunaendelea. Baridi imeingia, magimbi ya dukani ni magumu kama kuni, na mke wangu Tuliau ananilaumu kwa yote mawili kana kwamba mimi ndiye niliyeyaleta.

Uliniomba mambo mawili: nikuchagulie maikrofoni ya kondensa, ile inayonasa hata pumzi, isiyo ghali, na niilete mwenyewe ili mimi na mama yako tuuimbe tena ule wimbo wa shukrani aliotunga bibi yako, kabla sauti ya mama haijaisha. Naanza na la kwanza, kwa sababu hilo nalijua vizuri.

Sefo, mwalimu wetu wa kwaya, aliniazima maikrofoni tatu, zote za bei ya watu kama sisi. Niliimba ubeti ule ule mbele ya kila moja huku gereji, kisha nikamsikilizisha Tuliau rekodi bila kumwambia ipi ni ipi. Ya kwanza akasema, "Huyu nani, ana mafua?" Ya pili, "Sasa umemeza mabati." Kwa ya tatu aliacha kumenya magimbi, akasikiliza. Nikaenda dukani kununua mpya ya aina hiyo.

Ile ya pili, yenye mabati, ndiyo ghali kuliko zote, na ndiyo uliyoitaja kwenye barua yako. Imetengenezwa kuing'arisha sauti. Kwa kijana haina shida. Kwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja, kila "s" inakuwa msumari.

Wala usitamani zile zinazochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Ni nyepesi kutumia, lakini siku utakapotaka kuongeza gitaa utaanza upya. Hii niliyokuchagulia ina plagi ya pini tatu na hupitia kisanduku kidogo cha kuipeleka sauti kwenye kompyuta, ambacho nakuletea pia. Bonyeza kitufe chake kilichoandikwa 48, ndicho kinachoipelekea maikrofoni umeme. Bila umeme huo kondensa ni bubu, nawe utaniandikia kwamba mjomba kaleta kitu kibovu.

Inasikia mbele na kusahau nyuma, kwa hiyo mgongo wake uelekee baharini na kwenye kuku wa mchungaji. Usisikitike kwamba nyumba yenu ni nguzo na paa tu, haina kuta. Mwangwi ndio unaonitesa mimi huku gereji, hadi nikatundika mablanketi yote ya nyumba na Tuliau akauliza kama tunahama. Mama yako akae shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni. Vuta soksi ya nailoni juu ya waya wa duara, uisimamishe kati ya mama na maikrofoni, pumzi yake isiipige moja kwa moja.

Najua utashawishika kurekodi saa ya sala ya jioni, kijiji kizima kikiwa kimya. Usithubutu. Wazee watakutoza faini ya nguruwe. Rekodi Jumapili baada ya chakula cha mchana, watu wote wakiwa wamelala kwa shibe. Ukimaliza, irudishe kwenye boksi lake pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, maana hewa ya chumvi haina huruma na utando wake unaonasa sauti.

Nusura niiharibu kazi yote. Siku niliyoinunua nilirekodi sehemu yangu, ile sauti ya chini, beti zote. Nilitaka nikutumie, mama yako aimbe juu yake. Sefo alipokuja kusikiliza, alivua hedifoni akanitazama.

"Mzee Perelini, tangu lini kaka akamtangulia dada?"

"Ni kompyuta tu, bwana."

"Ahaa! Kumbe kompyuta imekutoa kwenye agano la dada yako! Ungekuwa kijijini leo ungekula nje na mbwa."

"Na mbwa wenyewe wangemkataa," Tuliau akadakia kutoka mlangoni, akacheka hadi akakaa chini.

Walisema kweli. Kwa agano letu la kaka na dada, dada hutangulia kwa heshima, na ndiye anayeuinua wimbo. Tangu utotoni Sulia alianza, mimi nikasubiri avute pumzi ya pili ndipo niingie. Nilisikiliza tena nilichorekodi: nilikuwa nimeimba kama saa ya ukutani, sijamwachia nafasi ya kuchelewa, naye siku zote huchelewa kwenye mstari wa tatu, kwenye jina la baba yetu. Nimefuta yote.

Kwa hiyo maikrofoni inakuja kwenu kwanza. Tuliau anakuja mwezi ujao kwenye harusi ya binti wa dada yake, na ataibeba mkononi, si kwenye mizigo ya tumbo la ndege. Mama yako aimbe kwa mwendo anaoutaka. Akikohoa, usikate kikohozi. Nitumie sauti yake kama ilivyo, nami nitamfuata humo humo. Sefo bado ana maikrofoni ya aina hiyo hiyo, kwa hiyo sauti zetu zitakaa pamoja bila kugombana. Sina shaka hata kidogo kwamba wimbo utasimama.

Nisalimie mkeo Lagi na watoto, na mzee Pisa wa ng'ambo ya barabara kama bado ananikumbuka. Mungu awape usingizi mwema na mvua ya kutosha, na mikono yenu isipungukiwe.

Mama yako atakapomwona Tuliau akishuka peke yake, ataniulizia. Mwambie wewe mapema, asiambiwe na wifi yake mbele za watu. Figo zangu zimechoka, mashine ya hospitali ndiyo inayonisafishia damu, na daktari hataki niende mbali nayo. Kila mwaka nimemwambia nitakuja mwakani. Safari hii simwambii hivyo. Sitarudi Savai'i, Okirano.

Mimi mjomba wako, kwa mapenzi yote,
Perelini