Kengele Iliyojazwa Nyasi

Mjukuu wangu Amina,

Natumai barua hii imekukuta mzima. Huku Garsen sote tu salama. Mama yako amerudi kutoka Bangale na mbuzi, na mto umeanza kupungua.

Umeniuliza ununue hedifoni zipi: zile nzito zinazofunika sikio na kuzima kelele zote, au zile nyepesi zinazokuachia sauti ya nje kidogo. Najua makelele ya Nairobi yanakuchosha, hasa ukitembea kwenda kazini.

Kaka yangu Guyo alipenda redio kuliko maziwa. Siku moja tukichunga, alichoshwa na kengele ya mbao ya ng'ombe aliyetangulia kundi, akaijaza nyasi ili asikie nyimbo vizuri. Akaenda na redio yake begani, raha tupu. Yule ng'ombe akateremka mtoni, akazama kwenye tope hadi tumboni, na sisi hatukusikia kitu. Tulimwona kwa bahati tu, na kumtoa kulituchosha sote.

Baba hakumgombeza. Alizichomoa zile nyasi polepole, akasema, "Redio ni ya kukaa kivulini, mwanangu. Ukitembea, sikiliza kengele."

Kutaka utulivu si kosa, mama. Lakini za kutembea nazo, chukua zile nyepesi. Nikija huko nitakuita kwa nyuma barabarani, na sauti yangu siku hizi haifiki mbali.

Nyanya yako,
Hawa