Rahma, Ofisini Kwenu Bado Wanakutafuta

Mwanangu Rahma,

Assalamu alaykum, roho yangu. Unajua mie niliishia darasa la tano, herufi zikienda upande usinicheke.

Arubaini yako tumeisoma jana, watu walijaa mpaka barazani. Bosi wako hakuja. Aliweka picha yako mtandaoni na maneno mazuri ya pole. Mie nilitaka aje akae jamvini.

Leo asubuhi akapiga simu. Nikasema labda ndo pole yenyewe. Kumbe ule ukurasa wanaorushia habari uliufungua wewe kwa namba yako, sasa umewagomea, mpaka zisomwe tarakimu zinazoingia kwenye simu yako. "Mama, nisomee haraka, tunachelewa." Nikamwambia mie sisomi vizuri, aje mwenyewe. Akamtuma Mwanakheri, yule mwenzako wa kamera.

Sauti ile ya bosi wako nnaijua, Rahma. Ilikuwa inakula na sisi. Unakumbuka Ramadhani? Adhana ishatoka, wewe bado unakata video kwenye simu, yeye huyo: "Rahma, wenzetu washarusha! Kama umechoka sema, wapo wanaokitaka kiti hicho." Nikawa nakulisha tambi tonge kwa tonge. Ukacheka, "Mama, utanilisha mpaka niote mvi?" Nikacheka na mie.

Halafu ile siku uliyoniambia unataka kuacha, nikakwambia nini? "Vumilia mwanangu, kazi ni kazi." Niliogopa watu watasema umeshindwa. Homa ile iliyokuchukua haikuletwa na ofisi, nnajua, ni kadari ya Mungu. Lakini miezi yako ya mwisho ulikuwa unakula umenipa mgongo, umeinamia simu, na aliyekwambia uvumilie ni mie. Mie mama yako.

Mwanakheri alipofika nilimsomea zile tarakimu moja moja. Kazi zako zimo humo, na sauti yako imo, sikutaka zipotee. Akamtumia bosi. Bosi hata asante hakusema, alimjibu tu: "Siku nzima uko huko?" Mtoto wa watu akalia, akalaza kichwa mapajani kwangu. Akaniuliza, "Mama, nivumilie au niache?"

Neno lile lile likanijia ulimini, mwanangu. Nikalimeza. Nikamwambia, "Acha. Kama unamuogopa mama yako, mlete kwangu, ntazungumza naye mie."

Jumatatu anapeleka barua ya kuacha kazi, na nshamuahidi ntakwenda naye. Ngazi za ofisi yenu pale Mkunazini sikuwahi kuzipanda, hata siku moja. Ntapanda pole pole, na magoti yangu haya, nikae ubavuni pake mpaka amalize kusema. Ilikuwa nikufanyie wewe hivyo. Nisamehe.

Pumzika, Rahma wangu. Mola akunawirishie kaburi lako. Jumatatu nikitoka ofisini kwenu ntapitia hapo ulipolala, nikwambie ilivyokuwa.

Mama yako,
Bi Salma